Jina Limeondolewa, Mwenyewe Bado Yumo

Msomaji mmoja ameniletea swali hili: “Mwalimu, shikamoo. Natumia programu ya simu inayohesabu hatua na kuchora njia ninazopita ninapotembea kwa mazoezi. Hivi karibuni ilinitaka nikubali masharti mapya, na humo wameandika kwamba taarifa zangu zitatolewa kwa washirika wao ‘baada ya kuondolewa jina na kila kinachonitambulisha’. Mdogo wangu anasema hapo hakuna tatizo, kwa sababu bila jina mimi ni namba tu, na tena asiye na la kuficha hana la kuogopa. Moyo wangu haujatulia. Je, ni kweli kwamba jina likiondoka, nami nimeondoka? Na kama si kweli, nifanye nini?”

Marahaba, na nakushukuru kwa swali lako, kwa sababu moyo wako umehisi jambo ambalo wataalamu walihitaji miaka kadhaa kulithibitisha kwa hesabu. Jibu langu ni kwamba si kweli. Jina likiondolewa kwenye taarifa za nyendo zako, kilichoondolewa ni sehemu dhaifu ya utambulisho wako, na sehemu yenye nguvu imeachwa palepale ilipokuwa. Jina lako yawezekana unalo wewe na maelfu ya watu wengine, lakini ni vigumu sana kumpata mtu wa pili anayelala nyumbani kwako, anayefanya kazi mahali pako pa kazi, na anayetembea kwa mazoezi katika njia zako kwa saa zako. Watu wa nyumbani mwako mnashirikiana la kwanza, wenzako kazini mnashirikiana la pili, ila mwenye yote kwa pamoja kwa kawaida ni mmoja.

Naomba nikuonyeshe jinsi faili lenyewe linavyokuwa, kwa sababu wengi wanaobonyeza “Nakubali” hawajawahi kuliona. Kila mstari una vitu vinne: namba ndefu inayowakilisha simu, latitudo na longitudo, yaani namba mbili zinazoonyesha mahali ilipo, na wakati. Hakuna jina, hakuna namba ya kupigia, hakuna picha. Ukiutazama mstari mmoja peke yake humwoni mtu yeyote. Sasa kusanya mistari yote yenye namba ileile na uipange kwa mfuatano wa saa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nukta zimerundikana mahali pamoja, usiku baada ya usiku: hapo ndipo anapolala. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, siku tano za wiki, zimerundikana mahali pengine: hapo ndipo anapofanya kazi. Jumanne jioni zinaelekea kwenye jengo ambalo ramani inalitaja kuwa kliniki, zinakaa dakika 50, na Jumanne inayofuata zinarudi hapo saa ileile. Mwezi wa tatu, rundo la usiku linahama ghafla, linaanza upya katika mtaa mwingine, na kwenye nyumba ya kwanza halirudi tena. Mchambuzi bado hajaambiwa jina, lakini ameshaanza kukisia habari za afya ya mtu huyu na za nyumba yake, ambazo pengine hata mama yake mzazi hajazisikia. Kilichobaki ni kuuliza nani anaishi katika nyumba ile, na swali hilo hujibiwa na orodha nyingi zilizo wazi kwa umma au zinazouzwa.

Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha utafiti uliopima jambo hili kwa namba. Walichukua kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 katika muda wa miezi 15, zisizo na majina, ambamo mahali pa mtu palijulikana kwa mnara uliopokea simu yake tu, na wakati ulijulikana kwa saa tu. Waliuliza: je, nahitaji kujua mambo mangapi kuhusu mtu, kwa maana ya “saa fulani alikuwa sehemu fulani”, ili nimtenge na wengine wote? Walikuta kwamba mambo manne yanatosha kuwatenga asilimia 95 ya watu hao. Manne tu. Mtu akikuona kazini mara moja, akakuona sokoni mara moja, na wewe mwenyewe ukaweka picha mbili mtandaoni zenye tarehe na mahali, ameshayapata. Watafiti hao walionyesha vilevile kwamba kupunguza usahihi wa mahali na wa wakati husaidia polepole mno: hata ramani ikitiwa ukungu, nyendo za mtu hubaki za kipekee kwa kiasi kikubwa. Kumbuka pia kwamba hiyo ilikuwa minara ya simu, ilhali programu yako hutumia GPS, mfumo wa kutambua mahali kwa setilaiti, ambao huweza kutofautisha upande mmoja wa barabara na mwingine.

Kisa kilichowaamsha wengi ni cha zamani zaidi, na kinahusu taarifa za hospitali. Katikati ya miaka ya 1990, tume inayosimamia bima ya afya ya watumishi wa serikali katika jimbo la Massachusetts, Marekani, iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi hao. Majina, anwani na namba za utambulisho viliondolewa, na gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia wananchi kwamba faragha yao imelindwa. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, aliona kwamba mafaili yale bado yalikuwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge, alikoishi gavana, kwa dola 20. Katika daftari lile, watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Na aliyekuwa na msimbo wa posta wa gavana alikuwa mmoja tu. Kumbukumbu za matibabu za mtu yuleyule aliyewaahidi wananchi usalama zikawa zimepatikana, bila kuvunja kufuli lolote.

Ukitaka kuelewa kwa nini hili liliwezekana, fanya hesabu hii mwenyewe kwenye karatasi. Mwaka una siku 365. Tuseme watu waliopo wana umri kuanzia sifuri hadi miaka 80. Hiyo ni karibu tarehe 29,000 tofauti za kuzaliwa. Zidisha mara mbili kwa ajili ya jinsia, upate visanduku vipatavyo 58,000. Sasa wagawe wakazi 25,000 wa eneo moja la posta katika visanduku hivyo. Visanduku ni zaidi ya mara mbili ya watu, kwa hiyo vingi vitabaki vitupu, na wakazi walio wengi, takriban theluthi mbili, watajikuta kila mmoja peke yake ndani ya kisanduku chake. Sweeney alikadiria mwaka 2000 kwamba mambo hayo matatu yanawatenga asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Mtafiti mwingine, Philippe Golle, alirudia hesabu mwaka 2006 na kupata asilimia 63. Hata tukichukua makadirio ya chini, bado ni zaidi ya nusu ya taifa zima, na kwa mambo ambayo tunayaandika kwenye fomu kila siku bila kufikiri.

Njia nyingine ya kulitazama jambo hili ndiyo iliyonishika mimi binafsi nilipoanza kazi hii. Kila swali la ndiyo au hapana, likiulizwa vizuri, hugawa watu waliobaki nusu kwa nusu. Dunia ina watu wapatao bilioni 8. Mbili ukiizidisha kwa mbili mara kwa mara hadi zifike mbili 33, unapata zaidi ya bilioni 8.5. Maana yake ni kwamba maswali 33 ya namna hiyo yanatosha kumtenga mtu yeyote aliye hai na wanadamu wengine wote. Kujua jiji unaloishi kunajibu maswali mengi kwa mpigo mmoja. Kujua mtaa kunajibu mengine. Saa unayoamka, aina ya simu yako, lugha uliyoichagua kwenye skrini, kila kimoja kinajibu lake. Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa kwamba taarifa fulani ni ndogo na haina uzito. Kila taarifa hupunguza waliobaki, na mwisho wa kupunguza ni mtu mmoja.

Kuna wanaojitetea kwa kusema kwamba jina limebadilishwa kuwa namba isiyoweza kurudishwa nyuma. Mwaka 2014 taarifa za safari milioni 173 za teksi za New York zilitolewa kwa umma, na namba za magari zilikuwa zimepitishwa kwenye kanuni ya kihesabu iliyozigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usioeleweka. Kanuni yenyewe ilikuwa haigeuziki kinyume. Lakini namba za teksi hufuata mpangilio maalumu, kwa hiyo zinazowezekana ni chache kwa kompyuta. Mtaalamu mmoja alizipitisha zote kwenye kanuni ileile, akalinganisha matokeo, na kwa muda usiozidi saa mbili akawa amezifichua. Namba za simu nazo zina kasoro hiyohiyo, kwani zote zikihesabiwa ni chache mno kwa kompyuta ya leo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa, iliyoanza kutumika Mei 2018, inatenganisha waziwazi mambo haya mawili: taarifa zilizopewa utambulisho bandia bado ni taarifa za mtu na zinastahili ulinzi wote, na zile tu ambazo mtu hawezi tena kutambulika kwazo ndizo zinazotoka nje ya sheria. Unaposoma masharti ya programu yako, tafuta wanazungumzia lipi kati ya hayo mawili. Mara nyingi wanasema la pili huku wakifanya la kwanza.

Wakati mwingine hata namba hiyo bandia haihitaji kufumbuliwa, kwa sababu yaliyomo yanajieleza yenyewe. Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa maneno yaliyotafutwa mtandaoni na watumiaji wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu, kila mmoja akiwakilishwa na namba. Baada ya siku chache waandishi wa The New York Times walikuwa wamefika nyumbani kwa mmoja wao, mama wa miaka 62, kwa kufuata tu aliyoyatafuta: huduma katika mji wake, watu wenye jina la ukoo wake, maradhi aliyotaka kuyafahamu. Na kwa kuwa umeuliza kuhusu programu ya mazoezi, ni vyema ujue kisa cha Strava, kampuni yenye programu ya kurekodi mazoezi. Novemba 2017 kampuni hiyo ilichapisha ramani ya dunia nzima iliyojumlisha shughuli bilioni 1 za watumiaji wake, bila jina wala namba ya mtu yeyote, ikiwa ni mwanga tu uliokolea palipokimbiwa sana. Januari 2018 watu walitambua kwamba katika maeneo ya Syria na Afghanistan, ambako karibu hakuna mkazi anayetumia programu ile, mwanga ulikuwa umechora barabara za ndani za kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia wakiwa na saa zao mkononi. Jumla ya watu wengi inaweza nayo kufichua siri, iwapo mahali fulani wengi hao ni kundi moja.

Sitaki ufikiri kwamba nawapinga wanaokusanya taarifa kwa ajili ya elimu. Bila kumbukumbu za wagonjwa hatungejua dawa ipi inadhuru, na bila hesabu za safari za watu wapangaji wa miji wangejenga barabara kwa kubahatisha. Ninachokitetea ni kwamba njia ya kufanya hivyo kwa uaminifu ipo, tena si mpya. Mwaka 1965 mtakwimu Stanley Warner alipendekeza namna ya kuwauliza watu maswali ya aibu bila kumfedhehesha yeyote. Mojawapo ya sura rahisi za wazo lake ni hii. Unamuuliza mtu kama amewahi kufanya jambo fulani, na kabla ya kujibu anarusha sarafu bila wewe kuona. Ikianguka kichwa, anajibu ukweli. Ikianguka mwenge, anairusha tena na kujibu kwa kufuata sarafu: kichwa ni ndiyo, mwenge ni hapana. Akikujibu ndiyo, huwezi kujua kama amesema yeye au imesema sarafu. Hata hivyo, ukiwauliza watu 1,000 na 400 wakasema ndiyo, unajua kwamba karibu ndiyo 250 kati ya hizo 400 zimetoka kwenye sarafu, kwa hiyo zilizobaki 150 zimetoka kwa wale 500 waliosema ukweli, nayo ni asilimia 30. Umeupata ukweli wa kundi, na hakuna mtu mmoja uliyemkamata.

Mwaka 2006 mwanasayansi wa kompyuta Cynthia Dwork na wenzake waliliweka wazo linalokaribiana na hilo katika misingi kamili ya kihesabu, na Marekani ilitumia njia hiyo kulinda matokeo ya sensa yake ya 2020. Kampuni inayokuambia kwamba imekuficha inapaswa kueleza imekuficha kwa njia gani. Ikiwa jibu lake linaishia kwenye “tumeondoa jina”, basi haijafanya kazi iliyostahili kufanywa.

Nije kwa mdogo wako. Najua anasema kwa nia njema, na maneno yake nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu sana. Lakini yanadhania kwamba kinachofichwa lazima kiwe kibaya. Mtu anayekwenda kliniki kila Jumanne hajafanya kosa. Mke aliyehama usiku kumkimbia mume anayempiga hajafanya kosa, na kwake yeye anwani mpya kujulikana ni suala la uhai. Mfanyakazi aliyekwenda kufanya usaili kwingine saa ya chakula hajafanya kosa, ila angependa mwajiri wake asijue kabla mambo hayajaiva. Isitoshe, anayeamua kama jambo ni la kuogopwa si wewe mwenye taarifa. Ni yule atakayeshika faili lile miaka mitano ijayo, baada ya kampuni kuuzwa, au sheria kubadilika, au wizi kutokea. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote. Ruhusa unaitoa leo kwa watu unaodhani unawafahamu, na inatumiwa baadaye na watu usiowafahamu kabisa. Tena taarifa za nyendo hazibadilishwi kama neno la siri: ukiibiwa neno la siri utaweka lingine, lakini nyumba uliyolala mwaka uliopita itabaki ni ileile.

Sasa tufike kwenye la kufanya. Fungua mipangilio ya simu yako, tafuta ruhusa za mahali, na upitie programu moja baada ya nyingine. Zilizo nyingi hazina haja ya kujua ulipo, na zile zenye haja zitosheke na kujua wakati unapozitumia tu. Simu za iPhone tangu mwaka 2020 na za Android tangu 2021 zinakuwezesha pia kutoa mahali pa kukadiria badala ya mahali halisi. Programu ya hali ya hewa haihitaji zaidi ya hapo. Kisha tafuta kitambulisho cha matangazo, ambacho ndicho mara nyingi huwa ile namba ndefu niliyokueleza mwanzoni. Kwenye Android unaweza kukifuta, na kwenye iPhone unaweza kuzikatalia programu zote zinazoomba kukufuatilia. Ukifanya hivyo, wanaonunua taarifa kutoka programu mbalimbali watapata shida zaidi ya kuziunganisha kuwa mtu mmoja.

Kuhusu programu ya mazoezi, huenda ina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia zako kwa duara linalozunguka nyumba. Itumie, lakini fahamu udhaifu wake. Tuseme duara lina nyumba yako katikati kabisa, nawe unatoka kwa njia tofauti siku tofauti. Kila njia inakatwa inapogusa ukingo wa duara. Mtu akipata sehemu tatu kama hizo zilizokatwa, anachora duara linalopita zote tatu, anatafuta kitovu chake, na kitovu hicho ni mlango wako. Somo hili la jiometri tulilifanya wote shuleni. Tena uficho huo kwa kawaida unawahusu watumiaji wenzako tu. Kampuni yenyewe inaiona njia nzima, pamoja na sehemu iliyofichwa. Kwa hiyo jambo bora kuliko duara ni kuwasha kurekodi ukiwa umeshatembea mitaa kadhaa kutoka nyumbani, na kuzima kabla hujakaribia, tena usiwashie mahali palepale kila siku.

Na yale masharti mapya, ikiwa kuna kisanduku cha kukataa taarifa zako kugawiwa washirika, kitie alama na uendelee kutumia programu. Ikiwa hakuna, na ni lazima ukubali yote au uache yote, mimi ningeacha kurekodi njia. Kuhesabu hatua hakuhitaji GPS: ndani ya simu kuna kihisi kidogo kinachopima mtikisiko wa mwili unapotembea, na hicho kinatosha kukuambia kama umetimiza hatua zako za siku. Programu ya kuhesabu hatua ambayo tayari imo kwenye simu nyingi hufanya hivyo bila kuhitaji kujua ulikuwa mtaa gani. Kabla hujaifuta hiyo uliyo nayo, ingia kwenye akaunti yako na uombe wafute kumbukumbu za nyuma, kwa sababu kuondoa programu kwenye simu hakuondoi kile kilichokwisha kufika kwao.